Kubadilisha cheni, linki, futi na yadi za karatasi za zamani kuwa mita: mwongozo kamili kwa wenye mashamba na viwanja Dodoma

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya zamani ya shamba, ya babu au ya baba, ina mchoro na namba ambazo haziendani na tepu ya mita uliyonayo, basi huu mwongozo ni wako. Toka serikali ihamie huku na mji wa serikali wa Mtumba ukajengwa, ardhi ya Dodoma imefika bei ambayo wazee hawakuiwaza, na mashamba ya Nala, Hombolo, Ihumwa na Msalato yaliyokuwa yamelala tu sa hivi kila siku yanaulizwa yana ukubwa gani na mpaka unaishia wapi. Watu wanafungua masanduku, wanatoa karatasi, wanakuta imeandikwa 5 ch 40 lk au 312' 6", kijana mmoja anachukua kalkuleta ya simu anazidisha, jioni kamba imevutwa mpaka katikati ya mizabibu ya jirani na kesi ipo kwa mwenyekiti.

Naomba tuelewane toka mwanzo, kuzidisha sio tatizo, mtoto wa darasa la sita anazidisha. Kazi yenyewe ni kujua ile namba iliyoandikwa ni ya kipimo gani. Ukikosea hapo kalkuleta itakupa jibu zuri lenye desimali sita, la kitu ambacho sicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kutambua na kuhakiki, kubadilisha kwenyewe ni dakika tano.

Vipimo vyenyewe

Cheni ya wapima ardhi, ile ya Mwingereza Edmund Gunter aliyokuja nayo mwaka 1620, ina urefu wa futi 66. Ni mnyororo kweli wa chuma, una vipande 100 vilivyounganishwa kwa pete, na kila kipande na pete zake ndio linki moja. Ukiwaza haraka utaona 66 ni namba ya ajabu, ila jamaa alikuwa na akili sana, maana cheni 80 ni maili moja kamili na skwea cheni 10 ni ekari moja kamili, yani mpima alikuwa anazidisha urefu kwa upana, anasogeza nukta mara moja, ekari zimepatikana bila kugawanya namba ngumu. Hiyo nukta ya kusogeza tutaitumia sana huko mbele.

Rodi ni robo ya cheni, futi 16 na nusu, na kwenye karatasi nyingine utakuta wameiita poli au pechi, ni kitu kilekile. Furlongi ni cheni 10, na maili ni furlongi 8. Yadi ni futi 3, futi ni inchi 12, hayo unayajua.

Kwa mita inakuwa hivi, ziandike kwenye daftari kabisa:

inchi 1 = mita 0.0254
linki 1 = mita 0.201168
futi 1 = mita 0.3048
yadi 1 = mita 0.9144
rodi 1 = mita 5.0292
cheni 1 = mita 20.1168
furlongi 1 = mita 201.168
maili 1 = mita 1,609.344

Hizi sio za kukadiria, ni kamili kabisa, kwa sababu mwaka 1959 nchi zinazotumia futi zilikubaliana kuwa yadi ni mita 0.9144 basi, na nyingine zote zinatoka humo.

Sasa kuna ndugu yake ambaye anachanganya watu, cheni ya mainjinia, hii ina futi 100 na linki zake ni futi moja moja. Kwa mita ni 30.48. Karatasi inaweza kuandika cheni tu bila kusema ni ipi, na tofauti yake sio ya kufumbia macho, cheni 5 za Gunter ni mita 100.58 na cheni 5 za mainjinia ni mita 152.40. Kwenye kazi za ardhi na mashamba anza kwa kudhani ni ya Gunter, kwenye kazi za barabara na reli anza kudhani ni ile ya futi 100, alafu hakiki kama nitakavyoonyesha.

Hatua ya kwanza: soma karatasi kabla ya kushika kalkuleta

Angalia tarehe. Mjerumani alikuwa ameshahamia mita kwao toka 1872, kwa hiyo kipindi chake hapa namba zake ni za mita, na maeneo utaona ha, a na qm, yani hekta, ari ambayo ni skwea mita 100, na skwea mita. Hata reli yake ya kati iliyofika Kigoma 1914 ina upana wa mita moja kamili kati ya chuma na chuma, nenda stesheni ya zamani ya Dodoma ukapime utaona. Mwingereza alivyochukua Tanganyika baada ya vita ya kwanza ndio futi, cheni na ekari zikaja, na mambo ya kipindi kile yakawa yanahesabiwa kwa ekari, ukiwemo ule mradi wa karanga wa Kongwa wa 1947 mpaka 1951. (Kwa wanaopenda haya mambo: SGR inayopita Dodoma sa hivi ina upana wa milimita 1,435, ambayo sio namba ya mita hata kidogo, ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Waingereza. Reli mbili mji mmoja, kila moja na kipimo cha watu wake.) Tarehe haikuhakikishii ila inakuonyesha wapi pa kuanzia.

Angalia alama. Kikoma kimoja juu ya namba ni futi, viwili ni inchi. Lakini ikiwa namba inafuata kile kiduara cha nyuzi za pembe (°), kikoma kimoja ni dakika na viwili ni sekunde, kwa hiyo ukiona S 42° 15' 30" E hiyo ni pembe, usiende kuibadilisha kuwa mita. Ch ni cheni, lk au l ni linki, yds ni yadi, p au per kwenye upande wa urefu ni pechi yani rodi.

Angalia eneo limeandikwaje. Ukikuta herufi A, R, P na namba chini yake, mfano 3 – 3 – 12, hizo ni ekari 3, ruudi 3, pechi 12. Ruudi ni robo ekari, na pechi ya eneo ni sehemu moja ya 160 ya ekari, kama skwea mita 25.3. Karatasi yenye A R P karibu kila mara urefu wake ni cheni na linki au futi.

Hapa kuna kosa linaloumiza watu kuliko yote na nataka ukae nalo kidogo. Cheni na linki zinaandikwa kama desimali kwa sababu cheni ina linki 100. Cheni 3 na linki 47 ni 3.47. Safi. Lakini cheni 7 na linki 8 ni 7.08, sio 7.8! Linki ni kama senti kwenye shilingi, senti nane haziandikwi .8. Ukiandika 7.8 umeongeza linki 72, mita 14 na nusu zimetoka hewani. Na upande wa futi kosa ni la aina nyingine, futi 45 na inchi 6 ni futi 45.5 kwa sababu inchi ziko 12, wakati futi 45.6 ni futi 45 na inchi 7 na kidogo. Kuna tepu za zamani za wapima ambazo futi imegawanywa mara kumi na sio mara kumi na mbili, kwa hiyo ukikuta 45.6 kwenye karatasi ya mpima ni desimali kweli, ukikuta 45' 6" ni inchi. Usichanganye.

Kama umebahatika kupata daftari la shambani la mpima mwenyewe na sio ramani tu, ujue linasomwa kutoka chini kwenda juu. Katikati ya ukurasa kuna mistari miwili imeshuka wima, namba zilizo ndani yake ni umbali kwenye mstari wa cheni kuanzia mwanzo, na namba zilizo pembeni kushoto au kulia ni umbali wa vitu vya pembeni, mti, kona ya nyumba, korongo. Ukisoma kutoka juu kushuka shamba lote linageuka. Na ukiona namba moja imekataa kabisa kukubaliana na nyingine, jaribu kuitoa kwenye 100. Kwenye cheni ya Gunter kila linki 10 inaning'inia kibati cha shaba chenye meno, jino moja kwenye 10, mawili kwenye 20, matatu kwenye 30, manne kwenye 40, na cha duara katikati kwenye 50, alafu upande wa pili vinarudi nyuma vilevile ili cheni isomeke kutoka mwisho wowote. Kwa hiyo kibati cha meno manne ni 40 au ni 60 kutegemea umeanzia wapi, na msaidizi aliyechoka na jua angeweza kuita 40 badala ya 60 kirahisi sana.

Hatua ya pili: hakikisha kipimo kwa ushahidi

Usiamini macho yako peke yake, kuna njia tatu na ukipata mbili zinazokubaliana lala usingizi.

Njia ya eneo. Kama karatasi ina urefu wa pande na ina eneo pia, jaribu. Ukidhani ni cheni za Gunter, zidisha urefu kwa upana gawanya kwa 10, jibu ni ekari. Ukidhani ni futi, zidisha gawanya kwa 43,560. Ukidhani ni yadi, gawanya kwa 4,840. Ukidhani ni mita, gawanya kwa 4,046.86 kupata ekari au 10,000 kupata hekta. Dhana itakayotoa eneo lililoandikwa ndiyo kipimo chako. Hapa chunga hilo neno heka, maana sisi huku tukisema heka tunamaanisha ekari, lakini kijana wa ofisini akisikia heka anaweza kuandika hekta, na hekta moja ni ekari 2.471. Uliza kabla hujaandika.

Njia ya bikoni. Hii ndiyo naipenda kuliko zote kwa sababu ardhi haidanganyi. Tafuta bikoni mbili za zamani, yani zile alama za kona zilizosimikwa na mpima, ambazo bado zipo na hazijasogezwa, pima kati yake kwa tepu ya mita, alafu gawanya mita ulizopata kwa namba iliyo kwenye karatasi. Ukipata karibu na 0.305 namba zako ni futi, ukipata 0.20 ni linki, 0.91 ni yadi, 5.03 ni rodi, 20.1 ni cheni ya Gunter, 30.5 ni cheni ya mainjinia, na ukipata 1 basi ilikuwa mita siku zote. Mfano karatasi inasema 312, tepu inasoma 95.1. Gawanya, unapata 0.3048. Futi, imeisha hiyo.

Njia ya skeli. Ramani ikisema inchi 1 kwa futi 100 hiyo ni 1 kwa 1,200, inchi 1 kwa futi 200 ni 1 kwa 2,400, inchi 1 kwa cheni 1 ni 1 kwa 792, na zile kubwa za inchi 1 kwa maili 1 ni 1 kwa 63,360. Weka rula, pima, linganisha na namba iliyoandikwa kwenye upande. Ila usitumie skeli ya maandishi kwenye fotokopi wala kwenye picha iliyotumwa WhatsApp, fotokopi inapunguza au inaongeza na hakuna atakayekuambia. Kama ramani ina ule mstari wa skeli uliochorwa chini, tumia huo, kwa sababu ramani ikipungua na wenyewe umepungua nayo. Bila huo mstari, njia hii iache.

Hatua ya tatu: geuza kila urefu uwe namba moja, alafu zidisha mara moja

Usibadilishe vipande vipande. Futi 312 na inchi 6, inchi kwanza gawanya kwa 12 unapata 0.5, kwa hiyo ni futi 312.5, zidisha 0.3048 unapata mita 95.25. Cheni 5 na linki 40 ni 5.40, zidisha 20.1168 unapata 108.63. Kama upande mmoja umepimwa kwa vipande vitatu vinavyofuatana, jumlisha kwanza kwenye kipimo cha zamani, alafu ndio ubadilishe jumla. Ukibadilisha kila kipande na kukata desimali kila mara, makosa madogo yanajikusanya.

Na tafadhali usikate namba ya kuzidisha. Naona watu wanatumia 0.3 kwa sababu ni rahisi. Kwenye upande wa futi 1,200 jibu sahihi ni mita 365.76, ukitumia 0.3 unapata 360, umepoteza karibu mita sita, hicho ni chumba na baraza. Hata 0.305 inakupa 366, senti (sentimita) 24 zaidi. Kata desimali mwishoni tu.

Kama huna kalkuleta na upo shambani kuna njia mbili za kichwa ambazo ni nzuri kweli. Futi kwenda mita: zidisha kwa 0.3 alafu ongeza asilimia 1.6 ya jibu. Futi 500, mara 0.3 ni 150, asilimia 1.6 yake ni 2.4, jumla 152.4, na hiyo sio kukadiria, ni sahihi kabisa. Cheni kwenda mita: zidisha 20, alafu kwa kila cheni ongeza senti 12. Cheni 7 ni 140 na senti 84, yani 140.84, ukweli ni 140.82. Inatosha kabisa kujua kama bikoni iko upande huu wa mbuyu au ule.

Kwa wenye Eksel weka cheni kwenye safu ya A na linki kwenye safu ya B, safu ya C andika =A2*20.1168+B2*0.201168, buruta chini. Kutenganisha safu hivi kunaondoa kabisa lile kosa la 7.8, maana unaandika 7 huku na 8 kule.

Mfano mzima

Tuseme karatasi inaonyesha shamba la mstatili, upande mmoja 5 ch 40 lk, mwingine 7 ch 8 lk, eneo A 3 R 3 P 12.

Andika 5.40 na 7.08. Zidisha, 38.232, hizo ni skwea cheni. Sogeza nukta, ekari 3.8232. Toa ekari 3, inabaki 0.8232, zidisha 4 unapata ruudi 3.29, toa 3, inabaki 0.2928, zidisha 40 unapata pechi 11.7. Karatasi inasema 12, imekubali. Sasa una uhakika kipimo ni cheni ya Gunter na umesoma linki vizuri, ndio sasa unabadilisha: 5.40 ni mita 108.63, 7.08 ni mita 142.43. Zidisha, skwea mita 15,472. Gawanya kwa 4,046.86, unarudi kwenye 3.823. Mduara umefunga.

Ungesoma 7.8 ingekuwaje? Upande ungekuwa mita 156.91 na eneo ekari 4.212, yani umeongeza skwea mita 1,570 hivi, karibu viwanja vinne vya 20 kwa 20 ambavyo ni vya jirani yako na sio vyako. Na angalia, lile eneo la A R P lingekukatalia palepale, ndio maana nasisitiza hesabu ya eneo usiiruke hata kama una haraka na mnunuzi amekaa kwenye gari.

Shamba likiwa sio mstatili, ligawe pembetatu. Ukiwa na pande tatu za kila pembetatu, jumlisha pande gawanya kwa mbili uite s, alafu eneo ni kipeuo cha pili cha s mara (s toa upande wa kwanza) mara (s toa wa pili) mara (s toa wa tatu). Kama ramani haina mstari wa kukatiza, kapime mwenyewe kona kwa kona.

70 kwa 70

Hapa nakaa kidogo kwa sababu vijijini kwetu hakuna kipimo kinachotumika kuliko hiki. Ekari ni 70 kwa 70, kila mtu anakwambia, ukiuliza 70 za nini, mmoja anasema hatua, mwingine miguu, mwingine mita. Ekari ni skwea yadi 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Umeona? Namba inakaa vizuri kwenye yadi, hatua ndefu ya mtu mzima aliyekusudia kupima ni kama yadi moja, kwa hiyo hatua 70 kwa 70 za namna hiyo zinatoa ekari moja na kidogo sana, ekari 1.012.

Lakini ukichukua tepu ya mita ukavuta mita 70 kwa 70, umepata skwea mita 4,900, na hizo ni ekari 1.21. Mwenye kuuza ametoa moja ya tano bure. Na ukitembea kawaida tu kama unaenda sokoni Majengo, hatua yako labda ni senti 75, basi 70 kwa 70 yako ni ekari 0.68, hapo mnunuzi ndio amelia. Kwa kipimo hichohicho cha mdomo. Kwa mita ekari ya mraba ni 63.6 kwa 63.6, ishike hiyo kichwani.

Kwa hiyo mzee akikuambia "mwanangu, hili tulipima 70 kwa 70 mara nne", mwamkie, kaa chini, muulize taratibu, "Babu, mlipima kwa hatua au kwa kamba? Na nani alikuwa anatembea?" Ukipata jibu kuwa ni hatua, na mipaka bado inaonekana, minyaa ipo, mti wa kona upo, kapime upya kwa tepu na uandike kilichopo. Usijaribu kubadilisha hatua za marehemu kuwa mita kwa kalkuleta, hakuna namba ya kuzidisha hapo.

Kama lazima utumie hatua zako mwenyewe, vuta tepu mita 100 mahali tambarare, tembea kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua, gawanya 100 kwa hatua, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Hiyo ndiyo hatua yako, ya kukadiria tu, sio ya mkataba.

Vipimo vya mwili na vya nguo, kwa ufupi

Utakutana navyo kwenye maelezo ya wazee zaidi kuliko kwenye ramani. Shubiri ni kama inchi 9, dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama inchi 18, wari ni dhiraa mbili yani yadi, pima ni dhiraa nne, mikono yote miwili ikinyooshwa, kama futi 6. Kwa mita ni takriban 0.23, 0.46, 0.91 na 1.83. Misafara iliyokuwa inapita Ugogo ililipa hongo, yani ushuru wa kupita, kwa nguo zilizopimwa hivihivi, shuka moja dhiraa nne, doti moja shuka mbili, na kila mkono una urefu wake. Kwa mpaka wa ardhi hivi vinakusaidia kujua kama kitu kilikuwa karibu au mbali, basi.

Ukiwa shambani

Namba za ramani ni za umbali wa ulalo, kama ardhi ingekuwa tambarare kama maji. Ukipima kwenye mteremko wa Ntyuka au pembeni ya kilima cha Mlimwa kwa kulaza tepu chini, unapata zaidi. Mteremko wa nyuzi 10, mita 100 za kulaza tepu ni mita 98.48 tu za ramani. Dawa yake ni kupima kwa ngazi, vuta tepu iwe usawa vipande vifupi vifupi, mtu wa chini ananyanyua upande wake na kudondosha timazi. Tepu ya chuma nayo inarefuka na joto, ya mita 30 iliyotengenezwa kusomeka sawa kwenye nyuzi joto 20 ukiitumia juani ikafika 35 inarefuka kama milimita 5, hiyo usihangaike nayo kwenye shamba. Tepu za nyuzi ambazo zimevutwa miaka ndizo za kuogopa, zilinganishe na ya chuma kabla hujaanza.

Alafu usidai usahihi ambao karatasi haina. Mpima aliyesoma mpaka linki nzima alikuwa anakata kwenye senti 20, kwa hiyo ukipata 108.63 na bikoni ikakaa kwenye 108.5, ipo sawa, acha kugombana na jirani. Bikoni ya asili ambayo haijaguswa ndiyo inayoheshimiwa kuliko namba iliyobadilishwa, na kuing'oa au kuisogeza ni kosa kisheria, hata kama hesabu zako zinakuambia ingekuwa pembeni kidogo.

Karatasi ikiwa na koodineti na sio urefu

Hapa punguza mwendo. Koodineti, yani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, nyingi za hapa zimeandikwa kwenye mfumo wa Arc 1960, wakati GPS ya simu yako inatumia WGS84, na ukiingiza moja kwenye nyingine bila kubadilisha unahama karibu mita 300. Mtu anatembea na simu anafika kwenye kiwanja cha mwingine kabisa anasema ametapeliwa. Pia kwenye UTM, mfumo wa ramani unaoikata dunia kwa zoni za longitudo, Dodoma mjini ipo zoni ya 36 kusini, lakini mstari wa zoni uko kwenye longitudo 36 mashariki, jirani tu, Kongwa na Mpwapwa tayari ni zoni 37. Hakikisha zoni iliyoandikwa kwenye karatasi.

Na kama koodineti ni za futi, kuna futi zaidi ya moja. Futi ya Clarke iliyotumika kwenye ramani za zamani za kusini mwa Afrika ni mita 0.3047972654. Kwenye upande wa shamba tofauti haionekani, futi 1,000 ni chini ya milimita 3. Kwenye koodineti ya futi milioni moja ni mita 2.7. Kwa hiyo pande badilisha mwenyewe kwa 0.3048 bila wasiwasi, koodineti za futi mpelekee mpima aliyesajiliwa.

Ukienda kwake beba karatasi ya asili na sio fotokopi, karatasi yako ya mahesabu yenye namba za zamani upande mmoja na mita upande wa pili, picha za bikoni ulizozikuta, na umbali uliopima kati ya zile mbili ulizotumia kuhakiki. Na mwambie jirani yako siku ya kupima, aje asimame kwenye mpaka wake.